Wimbo wa Gari la Bluu

Jumamosi, 7 Septemba

Shamim anaolewa! Wazee wa mchumba wake Huzaifa wamekuja leo, wamekaa, wamekula, wamesema walichojia, na kaka yangu amewajibu ndiyo. Harusi ni katikati ya Novemba, mvua itake isitake. Tangu waondoke nazunguka jikoni, nashika sufuria, naiacha palepale. Mwanangu wa pekee, yule aliyekuwa akilala kifuani kwa baba yake huku ameshika sikio lake, anaolewa!

Daftari hili kaninunulia yeye. "Mama, andika mambo ya harusi humu, usije ukasahau kitu." Basi naandika. Naandika Kiswahili kwa sababu ndicho cha nyumba yetu. Mimi ni Mnubi wa Bombo, lakini mume wangu Sebit alikulia kambi ya polisi, na watoto wa kambi hawakuwa na lugha nyingine ya kugombania mpira.

La kwanza: unga wa gurusa, ile mikate yetu myembamba. La pili: ngoma. Shamim alinishika mikono mbele ya wageni akasema, "Mimi sitaki spika za Kabalagala. Doluka yangu, ngoma yetu ya Kinubi, utaimba wewe." Wanawake wakapiga vigelegele. Nikasema ndiyo. Nilisema kwa furaha, kabla sijakumbuka.

Jumapili, 8 Septemba

Sijaimba tangu Sebit alipouawa mwaka jana. Hilo ndilo nililosahau jana.

Alhamisi, 12 Septemba

Leo nimeenda Ggaba, kwenye chumba cha nyuma ya zahanati, kwa Alum. Ni muuguzi, mtu wa Lango kule kaskazini, mrefu, anavaa viatu vya raba. Shamim ndiye aliyenisukuma. Wanakutana humo watu walioibiwa, waliopigwa, waliofiwa kama mimi. Harufu ya samaki inaingia dirishani, na ukisimama mlangoni unaona maji yote mpaka ng'ambo, gereza la Luzira, ambako mmoja wa wale waliomuua Sebit amefungwa akisubiri kesi. Nilichagua kiti kinachotazama ukutani.

Alum ana utaratibu wake. Unasimulia lililokupata, halafu unasema kwa nini unadhani lilitokea. Kisha unanyamaza, na mwenzako analisimulia tena kwa maneno yake, wewe unasikiliza. Nilidhani ni mchezo wa watoto.

Mzee Odur alianza. Alikuwa polisi, amestaafu. Wezi waliingia kwake wakamfunga kamba mbele ya wajukuu.

"Sababu ni hii hapa," akasema, akajigusa sikio la kulia. "La kushoto lilikufa kwa bunduki za mazoezi. Siku ile mimi nalalia hili zuri. Ningelalia lile bovu, ningesikia mlango. Afande mzima nafungwa kama mbuzi wa Idi!"

Tangu siku hiyo analala kwenye kiti, ameketi wima, masikio yote mawili hewani. Wote tulicheka, na yeye alicheka, halafu akaacha.

Alhamisi, 19 Septemba

Docus anauza mukene, dagaa wa ziwani, hapo hapo Ggaba. Vijana wa pikipiki walimnyang'anya mkoba na simu, wakamburuta barabarani. Mkono wake mpaka leo haunyooki vizuri. Sababu yake: alikuwa anacheka.

"Naongea na dada yangu kwenye simu, nacheka kwa nguvu, unanisikia? Mtu akicheka hivyo barabarani wanajua ana kitu." Sasa akiwa njiani hafungui mdomo. Hata sokoni wateja wanauliza, Docus, nani amekufa?

Alum akaniambia mimi niisimulie tena. Nikasema: mwanamke anarudi kutoka kazini kwake, anaongea na dada yake, vijana wakaja na pikipiki, wakamwangusha, wakamwibia.

Docus akaruka. "Umeacha kicheko!"

"Sikukiacha, pole bambi. Nimekosa mahali pa kukiingiza."

Akaniangalia kama nimeiba mimi. Hakuniaga. Nimerudi nyumbani na moyo mzito, lakini shangazi zake Huzaifa walikuwa wameleta kitambaa cha gurbaba, ile nguo tunayojifunga kiunoni tukicheza, chenye rangi ya machungwa inayowaka, na furaha ikanirudia yote. Tumekijaribu kila mmoja, hata jirani.

Alhamisi, 26 Septemba

Mvua ya kwanza. Ilianza juu ya bati kidogo kidogo, tu-tu, tu, tu-tu, kama Husnah, mpigaji wetu, alivyokuwa akiijaribu ngoma kabla hatujaanza. Nilikuwa nakatakata vitunguu. Nilijikuta chini ya meza, kisu bado mkononi, jasho limenilowanisha mgongo. Sikwenda Ggaba. Nimemwambia Shamim kichwa kinauma.

Jumapili, 29 Septemba

Mvua. Mwalimu wa madrasa ametuazima viti.

Alhamisi, 3 Oktoba

Leo nimesimulia mimi. Nataka kuandika kama nilivyosema, nione kama kwenye karatasi yatafanana.

Kundi letu la doluka lilialikwa kwenye harusi nyumbani kwa Marjan, Kabalagala. Mimi naongoza kuimba, Husnah anapiga ngoma. Kwetu mwimbaji hafungi wimbo. Anayefunga ni ngoma. Ngoma ikiendelea, unaimba, hata koo likiwa limechanika. Sebit alikuwa amenileta na gari lake la kukodisha, ile Premio ya bluu, na baada ya sala ya Isha alirudi kunichukua. Alipaki nje ya ukuta. Nilijua yupo, kwa sababu honi yake ilikuwa na mafua.

Tulikuwa kwenye wimbo wa mwisho. Nilimtazama Husnah: funga. Akatazama pembeni, akaendelea. Nikaimba tena kutoka mwanzo. Nikamtazama tena. Akaendelea. Na wimbo wenyewe ulikuwa ule niliomtungia Sebit tulipokuwa vijana Bombo. Tunauimba kwa Kinubi, lakini maneno yake ni haya:

Dereva wa gari la bluu,
punguza mwendo mbele ya kwetu,
vumbi lako limeniingia machoni,
na mama anadhani nalia.

Nilikuwa kwenye "punguza mwendo" watu walipopiga kelele nje. Walitaka gari. Walimpiga risasi akiwa kwenye usukani, wakamsukuma nje, wakaondoka. Gari liliokotwa baadaye barabara ya Port Bell, viti vimelowa.

Polisi waliniambia kioo cha upande wake kilikuwa kimeshushwa. Hapo ndipo ninapogota kila mara. Sebit hakuwa anashusha kioo Kabalagala. Alikuwa akinikemea mimi: "Rukiah, pandisha, hapa watu wanakuvulia hereni na sikio lake." Kwa nini siku ile alishusha? Jibu ninalo. Alinisubiri mpaka akachoka, akaona joto, akasinzia, akakasirika. Husnah hakufunga ngoma, mimi sikuacha kuimba, na mume wangu akafa akiwa amenichukia kwa kumweka akisubiri.

Nilisema hivyo hivyo. Hata machozi sikutoa. Kisha Alum akamwita Docus aisimulie.

Docus akainuka na mkono wake uliopinda. Akasema: "Mwanamke yuko kazini kwake, anaimba. Mume wake anamsubiri nje. Wezi wakaja wakamuua, wachukue gari." Akakaa.

Nikasema, "Umeacha wimbo."

"Sikuuacha, Mama Shamim. Nimekosa mahali pa kuuingiza."

Mzee Odur alipiga paja lake, "Eee! Amelipa deni!" Mimi nilikasirika mpaka masikio yakawaka. Nimepanda gari nikiwa nimekasirika, nimepika nikiwa nimekasirika. Sasa nimetulia na bado sijui nilimkasirikia nani.

Jumatano, 9 Oktoba

Nimejaribu kuimba bafuni, maji yakimwagika ili Shamim asisikie. Nimefika "punguza mwendo", sauti ikaishia hapo, nikafunga bomba.

Jumamosi, 12 Oktoba

Shangazi zake Huzaifa wanataka kuweka akiba ya mtu wa spika, "endapo tu, Hajati." Shamim amesikia. Hakulia, bora angelia. Alisema taratibu, "Mama, baba hayupo kunitoa. Ukikaa kimya na wewe, nitatolewa na nani?" Kisha akaenda kupima viatu.

Hajaniomba dhahabu. Hajaniomba ukumbi. Ameniomba kitu nilichokuwa nikiwapa watu wote wa Kampala mpaka jogoo anawika.

Alhamisi, 17 Oktoba

Docus amecheka! Ndani ya chumba, kwa hadithi ya Odur kuhusu mke wake na kile kiti cha kulalia. Kicheko kikubwa, kama beseni limeanguka. Alijiziba mdomo, akachungulia dirishani. Hakuna aliyekuja. Akacheka tena, kidogo, kwa kujaribu.

Jumanne, 22 Oktoba

Mvua asubuhi, mvua mchana. Sikuingia chini ya meza. Nilishika ukingo wake.

Alhamisi, 24 Oktoba

Leo sikwenda kwa Alum. Nimekwenda kwa Husnah.

Sijakanyaga kwake tangu matanga. Watu walinieleza kwamba amekataa harusi zote, anasema kifundo cha mkono kinamuuma. Mimi nilijua ni nini: dhamiri. Nilikuwa nimepanga maneno. Nitamwambia, Husnah, naiomba ngoma, nimpe mtu mwingine aipigie doluka ya mwanangu. Nilitaka aumie kidogo. Naandika ukweli.

Nilimkuta barazani anasuka tabaga, kile kifuniko cha chakula cha rangi rangi. Vidole vilikuwa vinakwenda mbio. Kifundo hakikuwa na ugonjwa wowote. Aliponiona alisimama, nyasi zote zikamwagika.

"Ngoma iko wapi?" nikauliza. Salamu nilizisahau.

Akaingia ndani, akaitoa. Ilikuwa imefungwa kwenye shuka, kama maiti. Akaiweka kati yetu.

"Rukiah, dada'ngu, ukiichukua ichukue. Lakini keti kwanza nikwambie nani aliyeomba."

Lazima niandike hapa desturi yetu, maana Shamim akija kusoma asipotee. Kwetu mtu akitaka wimbo urudiwe hamwambii mwimbaji, asije mwimbaji akapendelea wenye zawadi. Anamwambia mpiga ngoma. Mpiga ngoma haachi kupiga, mwimbaji hakatai kurudia, na jina la aliyeomba linatajwa baada ya shughuli, wakati wa kukabidhi zawadi. Siku ile shughuli haikufika mwisho. Zawadi haikukabidhiwa. Na mimi katika machungu yangu yote sikuwahi kuuliza.

"Ni yeye," Husnah akasema. "Alikuja mlango wa jikoni, pale nyuma yangu. Akasema, Husnah, usifunge. Ile ya gari la bluu arudie, na akimaliza arudie tena. Nikamwambia, wewe Sebit, huyu si unaye nyumbani kila siku? Akasema, nyumbani ananiimbia bili ya umeme. Akacheka vile vyake. Akasema, mimi narudi kwenye gari, nitashusha kioo nisikie vizuri."

Kioo.

"Nilimwona tena kupitia geti, wakati umeanza kurudia. Ameweka kiwiko nje, anapiga mlango wa gari na vidole. Alikuwa ananifuata mapigo, tena anayakosea." Husnah akaanza kulia. "Ningekataa, angerudi akuite mwondoke. Mimi ndiye niliyemuua, Rukiah. Kila siku nasema nitakwambia, kila siku nasema atanichukia, au atamchukia marehemu."

Ametoa kwenye kona ya leso yake peremende, zile za mnanaa Sebit alizokuwa akinunua kwenye kituo cha mafuta. Zilikuwa zimeyeyuka na kushikana na karatasi. Ndiyo ilikuwa zawadi. Kwa koo langu.

Nilizichukua, nikaacha ngoma.

Ijumaa, 25 Oktoba

Basi ni kweli ni wimbo. Alishusha kioo kwa ajili ya wimbo.

Jumamosi, 26 Oktoba

Sikutoka kitandani. Shamim kaleta uji.

Jumapili, 27 Oktoba

Lakini hakuwa amekasirika.

Nimeamka na neno hili, nikakaa kitandani, nikalisema kwa sauti. Muda wote huu nilikuwa namwona amenuna, anatazama saa, anapuliza pua. Nilimpa uso ule mimi mwenyewe. Uso wake wa kweli ulikuwa unacheka na kukosea mapigo. Alikuwa anakosea siku zote. Harusini kwetu alipiga makofi kwa mpangilio wake peke yake, mpaka mama yangu akamshika mikono.

Moyo unakwenda mbio kama wa msichana. Nimefungua peremende moja. Ilikuwa na vumbi na ladha ya leso. Nimeila.

Alhamisi, 31 Oktoba

Nimewaeleza wote. Nilisema, sasa hesabu imebadilika: si mimi niliyemweka, ni yeye aliyetaka, na kioo kilishuka kwa wimbo wangu. Nilimwambia mzee Odur, "Afande, wewe unajua mambo haya. Kioo kingekuwa juu je?"

Aligeuza sikio lake zuri kwangu, kama bado anasikiliza.

"Mama, mimi naandika ripoti za magari mpaka mkono unaota sugu. Kioo chini, wanachukua. Kioo juu, jiwe linavunja, wanachukua. Mtu analala, mtu anaamka, mtu anaomba Mungu. Hapa ndani ya ripoti kuna mahali pa kuandika nani alifanya. Mimi naandika jina la mwizi. Hata siku moja siandiki kioo."

"Na sikio je?" Docus akamrukia. "Unaliandika sikio?"

Mzee akajishika sikio. "Wewe mwanamke," akasema, "wewe ni hatari kuliko wale wezi." Tulicheka mpaka Alum akavua miwani. Na mvua ilikuwa inanyesha juu ya bati la zahanati muda wote huo, nami niligundua wakati imekwisha.

Nilipokuwa natoka nilisimama mlangoni, nikatazama maji mpaka ng'ambo. Yule wa Luzira yupo kule. Yeye ndiye aliyefanya. Nilimwachia lake.

Ijumaa, 1 Novemba

Nimerudi kwa Husnah. Nilimwambia maneno ya mzee Odur, nikamwambia na ya kwangu: "Ulimpa mume wangu alichokiomba. Ungemkatalia ningekusamehe vipi?" Tumelia barazani mpaka jirani akaleta maji. Halafu tukafungua shuka. Ngozi ya ngoma imelegea kwa unyevu. Tuliipasha moto kwenye sigiri, pole pole, tukiizungusha, na Husnah akaigonga kwa kidole kimoja. Tu. Nikamwambia, endelea.

Jumatatu, 4 Novemba

Kesi imeahirishwa tena. Tumechagua sufuria za kuazima.

Alhamisi, 7 Novemba

Odur kasema amelala kitandani. "Upande gani?" "Nimesahau kuangalia." Vigelegele chumba kizima!

Jumanne, 12 Novemba

Udi, manukato, hina, unga, kuku, watu wa Bombo wamejaa mpaka kwenye korido, mtoto wa mtu amelala ndani ya beseni. Sina muda wa kuandika. Nimefika "punguza mwendo" na nikapita, mara moja, sauti kama ya mbuzi. Husnah amesema mbuzi pia ni mnyama wa harusi.

Jumapili, 17 Novemba

Jana! Nitaandikaje jana!

Tulianza mchana ili wa mbali warudi mapema. Ua wote ni gurbaba za rangi ya machungwa. Docus alikuja na samaki na dada yake, yule wa kwenye simu. Alum alikuja na viatu vile vile vya raba. Mzee Odur, amevaa koti la kustaafia, alijipa kazi mwenyewe ya kusimama getini kwenye magari, na kila aliyepita alipigiwa saluti. Mtu wa spika hakuwepo. Shamim alikuwa amemwambia asije, kabla hata hajajua kama nitaweza. Aliniambia asubuhi, nikimpaka mafuta mgongoni. "Ulijuaje?" "Sikujua, Mama. Nilikataa tu kuwa na kitu kingine."

Nimeimba nyimbo za mama mkwe, za bwana harusi, za kuchokoza mashangazi. Sauti ilikuja na kutu yake, ikajisafisha njiani. Kisha Husnah akabadilisha mapigo. Nilikuwa nimemwambia asinitaarifu.

Dereva wa gari la bluu.

Shamim alikuwa kwenye mkeka, kichwa kimefunikwa. Niliona mabega yake yanasimama.

Punguza mwendo mbele ya kwetu. Nilipita. Nikafika kwenye vumbi, nikafika kwa mama, na wanawake wakaupokea wote, na hapo hapo mbingu ikafunguka. Mvua! Watu wakakimbilia barazani na sahani vichwani, bati likaanza kupiga, Husnah akashindana nalo, na sikujua tena ipi ni ngoma. Docus alicheka kicheko chake cha beseni. Nje kwenye magari mzee Odur alikataa kukimbia. Alisimama na koti linachuruzika, sikio zuri limeelekezwa kwetu.

Wimbo ukafika mwisho. Nikamtazama Husnah: funga. Akatazama pembeni, akaendelea.

Nilijua maana yake. Kuna mtu ameomba. Nikatazama geti, nikatazama magari, na magari yalikuwa magari tu, yanalowa. Nikarudia kutoka mwanzo. Na akaendelea tena, na nikarudia tena, na Shamim akainuka kwenye mkeka, bibi harusi mzima, akacheza na mimi kabla ya wakati wake, mashangazi wakimzomea kwa furaha.

Jioni, watu wa Bombo wakipakiza sufuria zao, nilikaa na Husnah jikoni tukila gurusa za chini, zile zilizoungua. Nikanyoosha mkono.

"Zawadi. Nani aliyeomba?"

Akatafuna, akameza.

"Hakuna aliyeomba, Rukiah. Wimbo ulikuwa mtamu tu."